Nafasi ya Bibi Chini ya Mjakaranda

Juzi niliteleza mtaani, mchana kweupe, mbele za watu. Mvua ilikuwa imenyesha na maua ya mjakaranda yalikuwa yametapakaa njia nzima, yameloa, yamekanyagwa, yameanza kuoza. Nikadaka ukuta wa nyumba ya watu, nikajiweka sawa, nikajifanya nasoma simu. Lakini harufu ilikuwa imeshanifika puani. Wanaousifia mjakaranda husifia rangi tu. Harufu ya maua yake yakishalala chini siku mbili hawaitaji. Ni tamu iliyochacha kidogo, kama asali iliyoingia maji. Mimi nikiisikia, shingo yangu inataka kugeuka kulia. Ndiyo, shingo. Nitaeleza.

Wenzangu tuliokulia magharibi ya Sydney, najua nanyi mna picha zenu: mmesimama mbele ya ua fulani, vitenge vya kufanana, sura mmezikunja, na nyuma yenu kuna Mzungu anapita na mbwa. Kwetu zilikuwa sanduku zima. Zote zina kasoro moja ambayo mgeni akiziona huuliza, nami kwa miaka sikuwa nauliza, kwa sababu mtoto akikuta kitu kipo huamini ndivyo dunia ilivyoumbwa.

Mama alikuwa na kalenda ya jiji lote kichwani, na aliihesabu kwa maua na majani. Mwezi wa tano ni majani mekundu katika bustani za katikati ya mji. Mwezi wa nane, baridi ikianza kulegea, ni maua ya micheri kule Auburn. Mwezi wa kumi na moja ni mjakaranda, ng'ambo ya daraja, Kirribilli, kwenye mtaa ambao matawi ya upande huu yanakutana na ya upande ule juu ya barabara. Mahali hapo pote alielekezwa na vikongwe vya nyumba ya wazee alikofanya kazi ya kufua. Alipokuwa akiwapelekea mashuka, mmoja alimwambia hapa ndipo alipochumbiwa, mwingine akamwambia pale ndipo alipompigia picha mama yake mara ya mwisho. Mama alirudi nyumbani Minto akatutangazia kwamba Jumamosi tunatoka.

Loh, hizo Jumamosi. Baba alipiga pasi tangu asubuhi huku akilalamika kwamba mti hauna macho, hautajua kama shati lina mikunjo. Mama alinisuka akinivuta nywele mpaka macho yakawa ya Mchina. Mdogo wangu Prosper, aliyezaliwa hapa hapa na hakuwahi kuijua shida, alikimbia na kiatu kimoja. Tulipanda treni na chapati na mayai ya kuchemsha, na mayai yakifunguliwa behewa zima lilijua. Baba alitazama dirishani kama mtu asiyetujua. Mimi nilikuwa nakufa kwa aibu, na wakati huo huo nilitaka yai la pili.

Mpiga picha wetu alikuwa Anti Njeri, nesi Mkenya aliyesali nasi na kukaa mtaa wa pili. Ndiye peke yake kanisani aliyekuwa na kamera ya kweli, ya kuvaa shingoni. Alitupenda, ila hiyo safari ya kwenda kuona miti ilimchekesha sana. Alikuwa akisema Nairobi mjakaranda uko kila kona, unachafua magari ya watu, na hakuna mtu mwenye akili aliyewahi kuupangia foleni. Kumbe Kirribilli foleni ilikuwepo. Maharusi wa Kichina na mashela yao, vijana waliolala katikati ya barabara ili wapigwe picha kutoka juu, wazee na kamera za miguu mitatu. Sisi tukifika na vitenge vyetu walitupisha wakidhani ni harusi. Wakituona tulivyosimama, nadhani walibadili mawazo wakaona ni msiba.

Maana kusimama kulikuwa na sheria. Viatu lazima vionekane, kwa kuwa picha zilitumwa kwenye kambi ya wakimbizi tulikotoka, na isiyo na viatu ingeleta maswali kule. Meno yasionekane. Kichwa mbele, usigeuke hata ukiitwa na malaika, mpaka Anti Njeri aseme basi. Mwisho ilikuja ile sheria kubwa. Baba alisimama mwisho kulia, Mama akafuata, halafu Mama alininyooshea mkono akanisukuma taratibu upande wa kushoto, mimi na Prosper.

"Keza, sogea. Acha nafasi."

Nafasi yenyewe ilikuwa ya kutosha mtu mzima. Kati ya Mama na mimi pakawa na pengo, na kupitia pengo hilo ulionekana mti, au ua la watu, au lile gari jeupe ambalo halikuondoka kamwe. Kwanza nilidhani Mama hataki nimchafulie kitenge. Baadaye nikadhani ni ili mti uonekane vizuri, maana tumekuja mbali kwa ajili yake. Nikaridhika na hilo.

Bibi, mama yake Mama, alikuwa amebaki kambini, mkoa wa Kigoma. Sisi tulitoka huko nikiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, na mgongo wenyewe nimeambiwa ulikuwa wake, ila sikukumbuka chochote. Kwangu Bibi alikuwa sauti ndani ya simu kila Jumamosi jioni. Mama aliweka sauti kubwa, akaniita, nami nikajibu kwa Kiingereza kwa kuwa ndicho kilichotoka mdomoni, na Bibi akauliza huyu Mzungu wenu anasema nini. Kiswahili nilikielewa chote. Kukisema kulinishinda tu, ulimi ulikuwa mvivu.

Kwa hiyo niliyasikia mengi yaliyosemwa juu ya kichwa changu wakidhani sielewi. Nilijua Mama amemwombea Bibi karatasi za kuja kukaa nasi. Nilijua ameitwa mjini kuhojiwa na hakwenda, akasema ana mihogo ya kuangalia. Baba alisema wakubwa watamwita mara moja zaidi, akikataa tena jalada linafungwa na hakutakuwa na lingine. Na nilijua jibu la Bibi, maana alilisema kwa sauti ile ile kila mara: mume wake amezikwa pale, huko Sydney yeye atazikwa na nani, na tena ni nani huko anayemjua. Mama akishakata simu alisugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. "Anakataa," alimwambia Baba. "Bibi anakataa." Hilo neno nililibeba kulala nalo.

Karibu na Pasaka, mama mmoja wa kanisani alirudi kutoka kusalimia Kigoma. Alileta dagaa, mawese ndani ya chupa ya soda, na bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha kulikuwa na picha moja kubwa iliyofunikwa plastiki ngumu. Ilikuwa ile ya Kirribilli, ya mwezi wa kumi na moja. Mjakaranda juu, Baba, Mama, mimi, Prosper na kiatu chake. Na kati ya Mama na mimi amesimama Bibi.

Bibi mzima, kuanzia kilemba mpaka ndala. Kitenge cha kijani, mkono mmoja umeshika mkoba, na mkono wa pili umeangukia begani kwangu.

Mama alicheka akapiga makofi, akaipeleka moja kwa moja kuiweka juu ya televisheni. Hakuna aliyenieleza kitu, na kwa nini wanieleze, wao waliona wazi. Nami niliona wazi. Bibi alikuja. Siku ile alikuwa pale, ameniwekea mkono, nami sikumwona kwa sababu nimeambiwa nisigeuke.

Nilikaa mbele ya ile picha nikijaribu kuukumbuka huo mkono. Nilifumba macho nikalitafuta bega langu. Wakati mwingine nilihisi kweli kama kuna uzito. Kila kitu kikajipanga. Ndiyo maana tunaacha nafasi. Ndiyo maana ni mwiko kugeuka. Bibi anakuja wakati wa picha, anasimama nasi, anatazama mji, miti na sisi wenyewe, halafu anaondoka. Na lile neno la Mama sasa nikalielewa: anakuja, anatuona, anakataa. Anarudi kwenye mihogo yake.

Niliumia sana. Wengine walikuwa na bibi zao wanaokuja kuwachukua shuleni na biskuti mkononi, wangu anasafiri kote huko, anafika mpaka begani kwangu, na hanisemeshi. Nilinuna wiki nzima. Mama alidhani nina minyoo, akaninywesha dawa.

Baada ya kununa nikapata mpango, maana mimi si mtu wa kununa bure. Picha ijayo nitamkamata. Nitamshika kitenge na nitamwambia kwa Kiswahili, neno kwa neno, nilishalifanyia mazoezi bafuni: Bibi, usikatae.

Mwezi wa tano, kwenye majani mekundu, niliogopa. Nilijaribu kuchungulia kwa pembe ya jicho bila kugeuza kichwa. Hiyo picha ipo mpaka leo, nimetoa weupe wa macho kama mtu aliyekabwa na ugali. Anti Njeri alicheka mpaka akaketi kwenye nyasi. Bibi sikumwona. Nikajiambia ana mbio kwa umri wake, na kwamba kwa macho peke yake haitoshi.

Halafu ukafika mwezi wa nane. Simu ya kutoka kambini ilikuwa imekuja kabla: Bibi ameitwa tena kuhojiwa, siku yenyewe ni baada ya wiki kadhaa, na amesema haendi. Mama alikuwa amedhoofika kwa mawazo. Alitutoa Jumamosi hiyo kwa haraka kuliko kawaida, kwa kuwa maua ya micheri hayakai, ukichelewa juma moja umekuta matawi. Alisema kwenye treni, akimwambia Baba lakini macho kwenye kioo, kwamba labda akijiona kwenye maua yale atajua ni mahali pa mtu kuishi. Akasema tena, taratibu, labda akijiona mara nyingi atazoea.

Bustani ya Auburn ilijaa watu mpaka ukuta wa ndani. Micheri yote ilikuwa imefunguka, myeupe na ya waridi, na upepo ulikuwa umeshaanza kuyakwanyua maua, yakawa yanatua kwenye vilemba na kwenye vikombe vya watu. Wingu jeusi lilisimama upande wa Parramatta. Anti Njeri alitazama juu akasema tufanye haraka, hii mvua haina adabu. Tukajipanga. Mama akanisukuma kushoto, nikaacha nafasi.

Anti Njeri akahesabu. Moja. Mbili. Nami nikageuka.

Niligeuza kichwa kizima, nikakiinua juu, pale nilipojua uso wa Bibi utakuwa, nikafungua mdomo kumwambia lile neno langu. Kamera ikalia. Mbele yangu palikuwa na maua yanayoanguka, kiwiko cha Mama, na mbali kidogo bwana mmoja anayempiga picha mkewe. Nikasubiri. Nilidhani nimegeuka mapema mno, labda ndiyo kwanza anafika.

Badala yake ikafika mvua ya mawe. Bustani nzima ikakimbia, wenye mashela na wenye mikokoteni ya watoto, Baba na Prosper kwapani, Anti Njeri na kamera ndani ya koti. Mimi nilibaki nimesimama pale pale na Mama akalazimika kurudi kunivuta mkono. Tulipofika kwenye kibanda, Anti Njeri akatazama kamera akasema ni moja tu iliyotoka, na huyu mtoto amegeuka. Nje, mawe yalikuwa yanamaliza kuyashusha maua yote chini. Kwa mwaka huo ilikuwa imekwisha.

Mama hakunipiga. Aliketi kwenye benchi akaweka uso ndani ya kitenge chake, akalia, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona akilia mbele za watu. Nikaanza kulia nami, kwa sauti, kwa Kiingereza, kwamba amekataa, hata leo amekataa, amekuja akaondoka. Baba aliuliza nani. Nikasema Bibi. Wakatazamana. Anti Njeri ndiye aliyeelewa kwanza. Alianza kucheka, akajishika mdomo, akapiga magoti kwenye sakafu ile iliyoloa.

"Haiya, mtoto huyu. Keza, ulikuwa unamtafuta shosho kwenye hiyo nafasi?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyecheka tena.

Nyumbani Mama alichukua mkasi. Alitafuta karatasi ya matangazo ya dukani, akamkata mwanamke mmoja aliyeshika pakiti ya sabuni ya kufulia, akamzungusha vizuri mpaka kwenye vidole, kisha akamlaza juu ya picha moja ya zamani, kwenye pengo letu. Huyo mwanamke akasimama nasi, anatabasamu na sabuni yake. Mama akanieleza kwamba Kasulu mjini kuna fundi wa picha. Bibi anakwenda dukani kwake, anasimama mbele ya pazia, anapigwa picha, na fundi anamkata kwenye kompyuta kama hivi na kumpandikiza kwetu. Bibi hajawahi kupanda ndege. Ule mkono begani kwangu ni fundi aliyeamua kuuweka, ili pengo lisionekane.

Prosper alimpenda yule mwanamke wa sabuni akataka tumwite shangazi. Mimi nilikwenda chumbani. Nililolijua sasa lilikuwa baya kuliko nilivyodhani mwanzo. Kama mtu anakuja na kukataa, angalau anakuja. Kumbe bega langu halikuwahi kuguswa na mtu. Nilijifunika shuka nikalia mpaka nikasinzia, na Mama aliingia akaketi kitandani.

Ile picha ya Auburn Mama aliitaka ifutwe. Baba alisema tutume tu ya mwezi wa tano, ile ya macho meupe. Lakini Anti Njeri alikuwa na kawaida ya kumtumia fundi wa Kasulu picha akifika tu nyumbani, kabla hajavua viatu, na alikuwa ameshaituma. Mama alisonya. Halafu akasema basi, imekwenda, haijalishi tena.

Zikapita wiki kadhaa, ikaja Jumamosi simu ikalia mapema kuliko kawaida. Mama aliweka sauti kubwa kama siku zote akaendelea kukatakata vitunguu. Bibi hakusalimia. Alikuwa na kawaida ya kutusema kuhusu picha: tunasimama kama watu wanaosubiri mgao wa unga, hakuna hata mmoja aliyechangamka, sasa raha ya huko iko wapi. Mama alijiandaa kusikia hayo hayo. Nilikuwa mezani na madaftari yangu, nikainamisha kichwa.

"Nimeletewa foto," Bibi akasema. "Huyu mtoto anamtazama nani?"

Mama akaacha kukata. Alinitazama, akaitazama simu.

"Anakutazama wewe, Mama."

"Mimi sikuwepo."

"Yeye alijua upo. Alikuwa anakutafuta."

Simu ikanyamaza. Tulisikia jogoo wa huko, na mtu anayeita mwingine kwa mbali. Nilidhani salio limekwisha, maana lilikuwa na tabia hiyo ya kwisha mahali pabaya. Kisha Bibi akasema kwamba fundi amemweka vizuri kabisa, kwamba macho ya mtoto yanaishia kwenye uso wake, na kwamba ameitazama hiyo foto tangu jana. Akasema wengine wote tuko kwenye foleni, ila huyu mmoja hayuko kwenye foleni.

"Mwambieni asubiri," akasema. "Na asikae hivyo hivyo, shingo itamuuma. Jumatatu nakwenda kuhojiwa."

Mama alikaa chini sakafuni, pale pale jikoni, na kisu cha vitunguu mkononi. Baba alipoingia akauliza kuna nini akaambiwa ni vitunguu. Nilitaka kumwambia Bibi lile neno langu la bafuni, lakini halikuwa na kazi tena, na jingine sikuwa nalo tayari. Nikasema ndiyo. Ndilo neno la kwanza la Kiswahili nililomjibu Bibi, na akauliza, nani huyo amesema ndiyo, si yule Mzungu?

Karatasi hazina haraka kama moyo wa mtu. Micheri ilichanua tena ikapukutika, mjakaranda vile vile, tukapigwa picha zetu na nafasi yake, na fundi wa Kasulu akaendelea kula pesa yetu. Lakini nyumbani palibadilika. Mama aliimba akifua nguo za kwetu. Alinunua blanketi nene la rangi ya chungwa akaliweka juu ya kabati, na sote tulijua ni la nani na hakuna aliyeligusa. Nami nikaanza kujibu simu kwa Kiswahili, kibaya, kilichovunjika viungo, Bibi akikinyoosha huku anacheka. Kiswahili hiki ninachowaandikia leo ndicho kile, kimenyooka kwa kusemwa naye.

Alifika mwezi wa tisa, asubuhi yenye upepo. Uwanja wa ndege nilijificha nyuma ya Baba. Alitokea kwenye mlango akisukumiwa begi na kijana wa watu, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba ni mfupi. Kwenye picha fundi alikuwa amempa urefu wa Mama. Mama alimwendea mbio, wakashikana, na walikaa hivyo mpaka watu wakaanza kuwazunguka na mabegi yao. Mimi alinitazama tu kutoka begani kwa Mama, akanikonyeza.

Alilala siku mbili. Alipoamka, alikula ugali na dagaa, akaenda haja zake, akaja sebuleni akasema apelekwe kwenye ule mti wa maua ya zambarau, amesimama sana chini yake kwenye picha, sasa anataka kuuona. Mama alimweleza kwamba si msimu wake, mwezi huu mjakaranda ni majani ya manjano yanayoanguka, karibu hauna kitu. Bibi akasema yeye hakusafiri kuona maua. Tukapiga pasi, tukachemsha mayai. Kwenye treni yeye ndiye aliyeyafungua, akamkaribisha na abiria wa mbele, na yule abiria akachukua moja akala.

Kirribilli hapakuwa na foleni wala harusi. Mtaa ulikuwa mtupu, upepo unaswaga majani makavu kwenye mfereji. Bibi alisimama katikati ya barabara akautazama mti juu na chini, akauzunguka, akaugonga na kiganja. Akauliza kama kweli ndio huu. Tukasema ndio. Akasema fundi ni mwongo, lakini ni mwongo mzuri. Anti Njeri, aliyekuja na kamera baada ya zamu yake, alicheka akasema ndivyo alivyokuwa akituambia siku zote.

Tukajipanga. Baba kulia, Mama, mimi, Prosper ambaye sasa alijua kufunga viatu. Na bila kuambiwa, kwa mazoea, tukaacha nafasi. Bibi alibaki mbele yetu, karibu na Anti Njeri, akatutazama tulivyosimama na lile pengo letu, mkoba mkononi. Akapangusa macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akaja, akageuka, akaingia pale. Nafasi ilikuwa kubwa kuliko yeye. Kwa miaka tulikuwa tumemwachia mtu mnene. Akatuvuta, Mama upande huu na mimi upande ule, mpaka tukagusana.

Anti Njeri akaanza kuhesabu. Nikausikia mkono ukiangukia begani kwangu. Ulikuwa na joto, na ulikuwa mzito kuliko ule niliokuwa nikiukumbuka. Nilikuwa mkubwa tayari, nilishaelezwa yote kwa mkasi, nilijua sana jinsi picha zinavyotengenezwa. Hata hivyo niligeuka. Sikuweza kuacha kugeuka, nilitaka kuhakikisha.

Bibi hakunitazama. Macho yake yalikuwa kwenye kamera, meno nje, kinyume cha sheria zote, na alisema kwa sauti ndogo, ya kusikika na mimi tu.

"Tazama mbele, Keza. Siondoki."

Tulimzika mwaka huu, wakati wa baridi, hapa hapa, na tulikuwa wengi. Katika vitu vyake nimepewa picha mbili: ile ya Auburn ninamtazama na hayupo, na hii ya mti mkavu wa Kirribilli. Kwenye hii ya pili yupo, anacheka, na mimi nimetazama mbele kama nilivyoambiwa.